Ukuta wa Nyali na ardhi tunayoiita ya umma

Septemba 2017 Serikali ya Kaunti ya Mombasa iliangusha ukuta mmoja mtaani Nyali ili kufungua njia ya kwenda ufuoni. Kampuni iliyokuwa ikimiliki kiwanja hicho, Dina Management, ilikwenda mahakamani na hatimiliki mkononi. Ilikuwa imekinunua mwaka 2006 kutoka kwa kampuni nyingine, nayo ile ilikuwa imekipata kwa mtu wa kwanza kuandikishwa kuwa mwenyewe. Mtu huyo aliandikishwa mwaka 1989, naye alikuwa Daniel arap Moi, rais wa nchi wakati huo.

Kampuni ilishindwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ikashindwa katika Mahakama ya Rufaa, na tarehe 21 Aprili 2023 ikashindwa katika Mahakama ya Juu. Majaji walisema kiwanja kile kilikuwa nafasi ya wazi ya umma, na utaratibu wa kisheria wa kukigawa haukufuatwa. Kwa hiyo hati ya kwanza haikuwa na nguvu, na kila hati iliyozaliwa nayo ikafa pamoja nayo. Kusema “mimi nilinunua kwa nia njema” hakukutosha. Mnunuzi alipaswa kuchimba mpaka kwenye mzizi wa hati, aone ilitoka wapi.

Wengi tuliofuata kesi ile tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Mpaka siku hiyo, mnyakuzi wa ardhi ya umma alikuwa na ujanja mmoja usioshindwa: pata barua ya ugawaji, geuza barua iwe hati, uza upesi kwa mtu wa pili, na wa pili amuuzie wa tatu. Wa tatu akishasimama kortini na risiti zake, umma unaonekana ndio mvamizi. Hukumu ya 2023 iliukata ujanja huo.

Lakini hesabu miaka. Kutoka 1989 hadi 2023 ni miaka 34. Mtoto aliyezaliwa Kongowea mwaka ambao kiwanja kile kilipata hati alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake kabla ya nchi kumwambia kwa kauli ya mwisho kwamba pale palikuwa pake. Sheria iliyochelewa hivyo inaweza kurudisha kiwanja, ila haiwezi kumrudishia mtu utoto wake wa kwenda kuogelea. Ndiyo maana naona tunakosea tunapoyaacha mambo haya yote mikononi mwa mahakama. Ardhi ya umma katika nchi hii huporwa kwa karatasi, mbali na macho ya watu. Na mahali ilipookoka, mara nyingi iliokolewa na watu waliokuwa wakiitumia kila siku, waliouona wizi ukianza na wakakataa.

Kikatiba hatuna upungufu. Kifungu cha 61 kinasema ardhi yote ya Kenya ni ya Wakenya, kama taifa, kama jamii na kama mtu mmoja mmoja. Kifungu cha 62 kinataja ardhi ya umma kwa urefu: misitu ya serikali, vyanzo vya maji, mbuga, mito, maziwa, bahari na sakafu yake, barabara, na ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa. Kifungu cha 40 kinasema ulinzi wa mali hauhusu mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Sheria ya Ardhi ya 2012 ikaipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuitambua ardhi yote ya umma na kuweka kumbukumbu zake. Kwa maandishi, mvuvi wa Shimoni ana hisa katika bahari sawa na waziri.

Tatizo ni kwamba maandishi hayo yamewakuta wanyakuzi wakiwa mbele. Tume ya Paul Ndung'u, iliyoteuliwa na Rais Kibaki mwaka 2003 na kukabidhi ripoti yake 2004, ilikadiria kuwa hati zipatazo 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria. Ripoti ile bado inauma ukiisoma leo. Misitu, viwanja vya shule, vituo vya utafiti wa kilimo, makaburi, njia za reli, fukwe, hata vyoo vya umma, vyote viligawiwa. Na kuna jambo moja ndani yake ambalo halizungumzwi vya kutosha: mashirika ya umma yalishinikizwa kununua ardhi iliyonyakuliwa. Yaani ardhi ilitolewa bure kwa mtu mwenye uhusiano na wakubwa, kisha akiba ya uzeeni ya wafanyakazi ikatumika kuinunua kwake kwa bei ya soko. Mwananchi aliibiwa ardhi yake, halafu akalazimishwa kuilipia.

Tume ya Taifa ya Ardhi ilipewa miaka mitano ya kupitia upya ugawaji wa zamani. Mwaka 2017 muda huo ukaisha, na milima ya faili ikabaki. Kwa miaka mingi baada ya hapo mzigo uliachiwa mahakama, kiwanja kwa kiwanja, wakili kwa wakili.

Karura ndiyo kesi inayotajwa kila mara, na inastahili, ila watu husimulia nusu yake tu. Ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji la Nairobi, uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932. Miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa kampuni binafsi kimyakimya. Mwaka 1998 Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement, shirika la kupanda miti, walipopata habari, walianza kwenda kupanda miti katika sehemu zilizokuwa zimefyekwa. Tarehe 8 Januari 1999 walikwenda pamoja na wabunge na waandishi wa habari, wakakutana na vijana waliokodiwa, wenye rungu na mijeledi. Wangari alipigwa kichwani. Alikwenda kituo cha polisi kuandikisha taarifa, akaitia alama kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaingia barabarani, na tarehe 16 Agosti mwaka huohuo Rais Moi akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma.

Hapo ndipo wengi humalizia, kana kwamba msitu ulipona siku ile. Haukupona. Kwa miaka kumi baada ya ushindi huo Karura ilikuwa mahali pa kuogopa. Watu walinyang'anywa huko, maiti zilitupwa huko, na mtu wa Nairobi akisikia “Karura” alifikiria wizi kabla ya kufikiria miti. Msitu ulikuwa umeokolewa kutoka kwa wanyakuzi, na papo hapo ukawa hauna mtu. Kwa maoni yangu huo ndio wakati wa hatari zaidi kwa ardhi ya umma, maana uwanja usiotumiwa ni rahisi sana kuuitia “maendeleo”. Mkubwa yeyote anaweza kusimama na kusema: mnalia nini, pana faida gani pale?

Kilichougeuza msitu ule ni kazi ndogondogo iliyoanza karibu 2010. Sheria ya Misitu ya 2005 ilikuwa imeruhusu jamii kuunda vyama vya kusimamia misitu pamoja na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Chama cha Friends of Karura Forest kikaundwa, ua ukajengwa kuzunguka msitu, vijana wa vijiji vya jirani kama Huruma wakaajiriwa kuwa walinzi, na 2011 malango yakafunguliwa kwa ada ndogo. Familia zikaanza kuja Jumapili. Wakimbiaji wakaja alfajiri. Leo mtu akikata mti pale asubuhi, kufikia saa nne picha zimesambaa simu hadi simu. Hakuna idara yenye maaskari wa kutosha kufanya kazi hiyo.

Ndiyo maana yaliyotokea Agosti 2025 yalinitia wasiwasi kuliko habari nyingi za misitu. KFS ilitangaza kwamba ada zote za kuingia Karura zilipwe kupitia eCitizen, mfumo wa malipo wa serikali. Chama cha jamii kilipinga, wananchi wakapiga kelele, jambo likafika mahakamani. Wapo waliosema ni suala la uhasibu tu: msitu ni wa serikali, kwa nini fedha zisiende serikalini? Nawaelewa. Fedha za umma zinahitaji kukaguliwa, na chama cha raia nacho si malaika, kinapaswa kufungua vitabu vyake. Lakini swali la nani anashika fedha za lango ni swali la nani anaulinda msitu. Mlinzi aliyelipwa na ada ya lango anajua kwamba msitu ukifa, mshahara wake umekufa. Fedha hizo zikipanda hadi hazina kuu, zitashuka lini, kwa kiasi gani, na kwa amri ya nani? Kila aliyewahi kungoja mgao wa serikali kuu katika zahanati ya kijijini anajua jibu. Tukitaka uwazi, uwekwe hukohuko: akaunti ya pamoja, sahihi za pande zote mbili, hesabu zibandikwe langoni kila robo mwaka. Kuzihamisha fedha ni kumwondoa mlinzi.

Mtu atasema Karura ina bahati. Imezungukwa na Muthaiga, Runda na Gigiri, majirani zake ni mabalozi na Umoja wa Mataifa. Je, msitu wa maskini nao unaweza kulindwa hivyo?

Jibu liko huku kwetu Pwani, kwenye mikoko. Ukitoka Mombasa kuelekea Lunga Lunga, baada ya kupita Ukunda, utafika Gazi. Miaka ya 1970 mikoko ya ghuba ile ilikatwa kwa wingi ili kuendesha viwanda na kupata nguzo za ujenzi, na sehemu nyingine zikabaki matope matupu. Kumbuka kwamba kisheria mikoko yote ya Kenya ilikuwa hifadhi ya serikali tangu tangazo la Aprili 1932, mwaka uleule wa Karura. Hifadhi ilikuwepo kwenye Gazeti Rasmi huku shoka likiendelea kazini. Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Samaki, KMFRI, walianza majaribio ya kupanda upya mwaka 1991, na wenyeji wakashika kazi hiyo: kuokota mbegu za mkoko zinazoning'inia kama vidole, kungoja maji yapwe, kuzichomeka matopeni moja moja, kurudi kuangalia zipi zimeng'olewa na mawimbi au zimeliwa na kaa.

Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vikaanzisha Mikoko Pamoja, mradi wa kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, yaani wanaochafua hewa kwingine hulipa ili mikoko hiyo itunzwe. Msitu ni wa serikali, na mkataba wa usimamizi ni kati ya chama cha jamii cha Gogoni-Gazi na KFS. Fedha zinazopatikana kila mwaka si za kutajirisha mtu, ila wanakijiji wenyewe hukaa na kuamua ziende wapi, na zimekwenda kwenye maji na shule. Baadaye Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata njia hiyohiyo kwa eneo kubwa zaidi, la zaidi ya hekta 460.

Nina mashaka yangu kuhusu biashara ya kaboni. Bei yake hupangwa na watu wasioujua mkoko wala mchu, na siku soko likianguka sijui nani atamlipa mlinzi wa Makongeni. Katika kaunti nyingine za nchi hii miradi ya kaboni imeleta migogoro mikubwa ya ardhi. Lakini Gazi imefanikiwa kwa sababu isiyohusu kaboni: watu wanaoishi na msitu wana neno katika mkataba, na wanaona faida yake bombani. Mama anayechota maji anajua yamelipwa na nini. Mwizi wa nguzo akionekana na mtumbwi usiku, haihitajiki kusubiri askari kutoka Kwale ndipo ajulikane.

Lamu ni habari nyingine, na ni ndefu. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu. Biashara ya boriti huko ina karne nyingi. Nyumba za mawe za Pwani na hata za ng'ambo, Arabuni na Uajemi, zimeezekwa kwa boriti hizo. Mkataji wa Lamu ana msamiati wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila moja kwa unene wake, na huhesabu kwa korija, yaani ishirini ishirini. Mtu kama huyo anajua msitu kwa namna ambayo ofisa wa makao makuu hawezi kuijua. Anajua mlilana ndio unaokaa mbele kupokea mawimbi na hauguswi, anajua mkandaa unarudi polepole, anajua sehemu iliyokatwa mwaka juzi iachwe. Hata hivyo kwa miaka mingi sera yetu kwake imekuwa kupiga marufuku na kuondoa marufuku. Usafirishaji wa boriti nje ya nchi ulipigwa marufuku mwaka 1982. Februari 2018 ukataji wa miti ukasimamishwa nchi nzima, na wakataji wa Lamu wakajikuta wamefungiwa pamoja na wakataji wa misonobari ya milimani, kana kwamba kazi yao ni moja.

Marufuku haitofautishi anayekata kwa kipimo na anayefyeka usiku. Matokeo yake ni kwamba anayekata kwa kipimo ndiye anayeacha, maana ndiye anayetii sheria, na msitu unabaki na yule mwingine. Wakati huohuo miradi mikubwa ya serikali yenyewe inapita. Bandari ya Lamu ilipochimbwa, wavuvi ndio walioona kwanza maji yakichafuka na samaki wakihama. Walikwenda mahakamani, na Aprili 2018 Mahakama Kuu ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.76, wavuvi zaidi ya 4,000. Jambo kubwa katika hukumu ile kwangu si fedha. Ni kwamba mahakama ilikubali kuwa mtu asiye na hati ya bahari ana haki katika bahari kwa sababu anaitumia na anaishi nayo.

Hapa inabidi tuguse jambo gumu zaidi, ambalo watetezi wa misitu wengi hulikwepa. Maneno “mali ya umma” yametumika mara nyingi kuwafukuza watu.

Sisi wa Pwani tunalijua hili tangu Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908. Mkoloni alisema kila mwenye madai alete ushahidi wake, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya ufalme wa Uingereza. Jamii nyingi za Mijikenda, zilizomiliki kwa ukoo na kaya bila karatasi, zikaamka kuwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Ardhi ya ufalme ikageuka ardhi ya serikali, ardhi ya serikali ikageuka ardhi ya umma, na sehemu nzuri ya ufuo ikaishia kwa watu wa mbali. Kwa hiyo ukimwambia mzee wa Kilifi “hii ni ardhi ya umma, tuilinde”, ana haki ya kukuuliza ni umma gani huo, na ulianza lini.

Msitu wa Mau ni mfano mkali zaidi. Mwaka 2001 serikali yenyewe ilimega zaidi ya hekta 60,000 za misitu, sehemu kubwa ikiwa Mau, kwa jina la kuwapa makao wasio na ardhi, na wakubwa wengi wakajipimia humo. Kisha miaka ilipopita na mito ikaanza kupungua, ikaja operesheni ya kuondoa watu, na Waogiek, walioishi na msitu ule kwa ufugaji wa nyuki na uwindaji kabla ya kuwepo idara yoyote ya misitu, wakaondolewa kwa jina la uhifadhi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba Kenya ilikiuka haki zao, ikakataa hoja kwamba wao ndio walioharibu Mau. Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157 na ardhi yao ya asili itambuliwe. Utekelezaji umesuasua tangu hapo.

Na mjini ni vilevile. Agosti 2018 majumba makubwa ya biashara yaliyojengwa kwenye kingo za mito Nairobi, kama Ukay Centre na South End Mall, yalibomolewa, na kwa mara ya kwanza tajiri akaonja tingatinga. Watu walishangilia. Baada ya mafuriko ya 2024 tingatinga likarudi kwenye kingo zilezile, safari hii Mathare na Mukuru, na familia zilizokuwa zimetoka tu kupoteza godoro na sufuria kwa maji zikapoteza na mabati. Mto ni wa umma, na kujenga ndani ya njia yake ni hatari, hilo silipingi. Lakini sheria zetu zenyewe hazikubaliani ukingo ni mita ngapi: kanuni za mazingira zinasema kati ya mita 6 na 30, za kilimo zinaanzia mita 2, za upimaji zina yake. Mpaka usiojulikana ni fimbo. Humpiga anayeweza kupigwa.

Kwa hiyo ninaposema watu walinde ardhi ya umma, sisemi serikali ipewe rungu kubwa zaidi. Serikali imekuwa mlinzi na mporaji kwa wakati mmoja, mara nyingine ndani ya wizara moja. Mwaka 2021 kulikuwa na mswada bungeni wa kulegeza masharti ya kubadilisha mipaka ya misitu, masharti ambayo sheria ya misitu ya 2016 ilikuwa imeyakaza. Ulipigiwa kelele mpaka ukashindwa. Waliopiga kelele hawakuwa maofisa. Walikuwa vyama vya misitu vya jamii, wanaharakati na watu wa kawaida waliosoma mswada.

Siku hizi tumepata mtindo wa kupanda miti. Lengo ni miti bilioni 15 kufikia 2032, na Novemba 2023 tulipewa hadi siku ya mapumziko ya kupanda. Nimepanda na nitaendelea kupanda. Lakini mche ni jambo la asubuhi moja na kamera, na mpaka ni jambo la miaka. Takwimu za serikali za 2021 zinasema misitu imefunika asilimia 8.83 ya nchi. Asilimia hiyo haitapanda kwa miche ikiwa upande wa pili tunamega. Ningependa kumwona waziri mmoja akienda msituni na mpimaji wa ardhi badala ya miche, akasimamisha bikoni za zege kuzunguka msitu mbele ya wanakijiji, akaacha nakala ya ramani kwa chifu, shuleni na msikitini.

Maana karatasi ndiyo silaha ya mnyakuzi, na sisi hatujaishika. Shule ngapi za umma hazina hati mpaka leo? Januari 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, wakiwa na sare zao, walisukuma ukuta uliokuwa umezungushiwa uwanja wao wa michezo. Polisi waliwarushia vitoa machozi. Picha zile zilizunguka dunia, uwanja ukarudishwa haraka, na serikali ikaahidi kuzipatia shule zote hati. Tulihitaji watoto kulia moshi ndipo ofisi zianze kutafuta faili. Sehemu za wavuvi kupandisha mitumbwi, madiko yetu ya Pwani, nyingi ziko katika hali hiyohiyo: zinatumiwa na vizazi, zina BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, zina banda la kupimia samaki, halafu siku moja anatokea mtu na hati, na wavuvi wanaambiwa njia ya kwenda majini imepita kwenye shamba lake.

Kanuni za upimaji zinasema ardhi ya serikali inayopakana na bahari ikigawiwa, kwa kawaida zibakizwe mita zisizopungua 60 juu ya alama ya maji makuu kwa matumizi ya serikali. Halafu zinampa waziri ruhusa ya kupunguza upana huo katika hali maalumu. Tembea kutoka Nyali hadi Shanzu uone mita 60 zimebaki wapi. Uchochoro wa umma kati ya hoteli mbili utaukuta umepungua mpaka pa kupita mtu na baiskeli, na pengine una lango na bawabu anayekuuliza unakwenda kwa nani. Unakwenda baharini, kwako. Hukumu ya 2023 imekupa hoja. Haijakupa njia.

Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu zitaandika mipango mipya ya maendeleo ya kaunti, ya 2028 hadi 2032, na sheria inataka wananchi washirikishwe. Mikutano hiyo kwa kawaida huwa ya kuomba: barabara, zahanati, taa. Safari hii kila kijiji kiingie na orodha. Wazee watembee na vijana, waandike kila uchochoro wa ufuoni, kila diko, kila kaburi, kila uwanja wa mpira, kila kipande cha mikoko: jina lake linalojulikana na watu, kinaanzia wapi na kuishia wapi, kinatumiwa na nani na tangu lini. Vijana wana simu zenye ramani. Wachukue alama za mahali na picha. Kisha orodha hiyo isomwe kwa sauti, iingizwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na kaunti idaiwe mambo mawili kwa maandishi: bajeti ya kupima vipande hivyo, na tarehe ya kuvipeleka kwa Tume ya Taifa ya Ardhi viandikishwe. Nakala ibaki kijijini. Mnyakuzi atakapokuja na barua yake ya ugawaji, akute karatasi yetu imemtangulia.